Muuaji wa Joho Jeusi na Mfuniko Uliopotea

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Sheikh Yasini, Mchungaji Godlisten, Bwana Khozema, mwenye duka na mwenye ukumbi huu tuliokaa, akina mama wenzangu wa Kikundi cha Vyombo vya Shughuli, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wa mabenchi ya nyuma, ambao hatukuwaalika lakini mmefuata harufu ya pilau: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu wote, shikamooni.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Yudith, mwenyekiti wa hicho kikundi cha vyombo. Hapa Maramba huwezi kuoza, kuzika, wala kumtoa mtoto nje bila kupita barazani kwangu kuazima sufuria. Nimesimama hapa kwa sababu mshereheshaji wetu wa siku zote, kaka Uweso, ndiye tunayemuaga leo, na maiti haijioshi yenyewe. Samahani, kaka. Hujafa. Unahamia Raskazone tu, kwa binti yako kule mjini.

Harufu ya pilau mmeisikia. Wapo walioninong'oneza tangu mlangoni kwamba leo inanukia kuliko siku zote. Wamesema kweli, na sababu ipo. Nitaisema mwishoni, maana nikiisema sasa hamtanisikiliza.

Mheshimiwa Diwani, wewe ni mtu wa vikao, hujawahi kukaa nasi Jumamosi mchana baada ya gulio. Basi nikueleze kazi ya mtu huyu. Bwana Khozema huweka filamu ya nje. Wanaozungumza mle ndani huzungumza lugha zao, nasi hatuna habari nazo. Kaka Uweso hukaa kwenye kile kigoda pale kando ya televisheni, akashika kipaza sauti hiki hiki nilichokishika mimi, akapunguza sauti ya wenye filamu, akapandisha ya kwake. Anatuambia nani kasema nini, nani mke wa nani, na nani hatafika mwisho wa filamu. Watoto wetu wamekulia kwenye sauti hiyo. Mimi mwenyewe, marehemu mume wangu alipoondoka, Jumamosi ndiyo siku pekee niliyokuwa nacheka.

Na sasa mtu huyu anasema kesho asubuhi anapanda basi. Anasema hawezi tena kushika kipaza mbele yetu, kwa sababu alitudanganya. Vitu vyake vilishafungwa jana. Mimi nimeombwa nimuage, na nimekubali kusimama. Kama nitamuaga au sitamuaga, mtaona wenyewe.

Chanzo cha haya yote ni ile filamu ya muuaji wa joho jeusi.

Mnaikumbuka ilivyokuja. Kabla haijawekwa, maneno yalikuwa yameshatapakaa sokoni. Mmoja anasema filamu ile inawatukana Wakristo, kwa kuwa muuaji amevaa kama padri. Mwingine anasema hapana, maneno anayoyasema muuaji yanawachoma Waislamu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona, lakini maoni yao yalikuwa yameshakomaa. Bwana Khozema akaogopa. Akamwita kaka Uweso dukani, mimi nikiwa nimesimama pale nanunua chumvi, akamwambia: "Sikiliza, Uweso. Ukumbi ukileta fitina ya dini, mimi nafunga. Naweka mahindi. Mahindi hayana dini."

Na kama hilo halikutosha, siku yenyewe ilipofika, benchi la mbele kabisa wakaja kuketi Sheikh Yasini na Mchungaji Godlisten, bega kwa bega, mikono magotini. Hawakuja kustarehe. Walikuja kukagua. Walikuwa wamekubaliana kwamba wakiona neno moja baya juu ya dini yoyote, watasimama pamoja na filamu itazimwa. Nilimtazama kaka Uweso pale kwenye kigoda. Jasho lilikuwa limemchuruzika mpaka kwenye kola.

Filamu ikaanza. Akatokea mtu mrefu, joho jeusi mpaka chini, mshumaa mkononi, anaingia nyumba ya mtu usiku. Kengele zinalia. Sauti za watu zinaimba kwa uchungu. Sheikh akakohoa. Mchungaji akavuta miwani. Nani hakuona kwamba ukumbi unakwenda kufungwa dakika ile?

Hapo kaka Uweso akakisogeza kipaza mdomoni, akasema: "Ndugu watazamaji, mtu huyu mnayemwona ni mtunza vyombo vya shughuli."

Mimi niliruka kwenye kiti. Nilidhani nimetajwa mimi!

"Ni mtunza vyombo," akaendelea, "katika mji wa mbali, na amechoka. Watu wa mji ule huazima masufuria ya harusi na hawarudishi. Hilo joho ni la kupikia, linazuia masizi. Na huo mshumaa amewasha ili amulike uvunguni, maana ndiko walikoyaficha."

Sasa nataka mnielewe. Asubuhi ya siku ile ile mimi nilikuwa nimemlilia kaka Uweso barazani kwangu. Kikundi chetu kilikuwa kinakufa. Watu walikuwa wameazima, hawarudishi. Mabeseni yalikuwa yamekwenda, upawa wa kwanza ulikwenda na wa pili ukaufuata, na sufuria yetu kubwa kuliko zote, ile tunayoiita Meli, ilikuwa imebaki bila mfuniko wake. Kila shughuli tulikuwa tunaifunika Meli kwa kipande cha bati na mawe juu, na pilau linatoka na ladha ya moshi kama limepikiwa kwenye bomba la lori. Nilimwambia, "Kaka, shughuli mbili zijazo zikipita hivi, nakivunja kikundi." Yeye akanywa kahawa yangu, akasema pole, akaenda zake. Kumbe maneno aliyachukua, akayaweka akiba.

Basi filamu ikaenda hivyo. Yale mapambio ya kilio akatuambia ni majina ya walioazima, yanasomwa kwa sauti. Lile kanisa kubwa likawa stoo. Yule mpelelezi mzee mwenye koti akawa balozi wa nyumba kumi aliyestaafu, na yeye mwenyewe ana sahani za watu kabatini, ndiyo maana hana raha. Damu ilipoonekana, Mchungaji akafumba macho, na kaka Uweso akawahi: "Msiogope, hiyo ni nyanya ya kopo, alikuwa anapika." Na pale mtu mnene alipopiga magoti akilia mbele ya muuaji, kaka Uweso akalia naye: "Nisamehe! Nilisema nitarudisha Jumatatu!" Kisha akabadilisha sauti, ikawa nzito, akamjibu: "Jumatatu ya mwaka gani?"

Ukumbi mzima ulitetemeka kwa kicheko. Mnakumbuka au hamkumbuki? Mpaka leo ukimwambia mtu hapa Maramba kwamba utampitia Jumatatu, atakuuliza ya mwaka gani.

Mwisho wa filamu muuaji alitoroka kwa treni. Kaka Uweso akasimama pale kwenye kigoda, akanyoosha kidole kwetu sote, akasema: "Hakukamatwa! Amepata masufuria yote, lakini mfuniko mmoja haujaonekana. Anausaka. Na aliye nao, ajue, hatalala!" Taa zikawashwa. Nikaona watu wazima wanatazamana kwa pembe ya jicho.

Sheikh Yasini akasimama. Akasema, "Filamu hii ina mafunzo." Mchungaji Godlisten akasimama naye, akasema, "Ningependa watoto wangu wa kipaimara waione." Bwana Khozema akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Na maoni ya watazamaji? Yalimiminika mpaka magharibi. Mama Imakulata, yule pale kwenye kiti cha plastiki cha buluu, alisema: "Kuua si vizuri. Lakini kwenye suala la sufuria yule bwana ana hoja." Lucas wa shamba la michungwa alipinga. Alisema muuaji alikosea utaratibu, angeanzia kwa mtendaji wa kijiji, akapata barua, ndipo aue. Kuna aliyesema filamu ni ndefu. Kuna aliyesema ni fupi, maana yeye anawajua watu wengine kumi waliostahili kuwemo. Lakini dini? Hakuna aliyetaja dini. Ijumaa yake Sheikh alitoa khutba ya amana na kurudisha vitu kwa wenyewe. Jumapili Mchungaji akahubiri hayo hayo, mkadhani wamepanga.

Mimi sikuwa na haja ya mahubiri. Kulipopambazuka tu siku iliyofuata filamu, nilifungua mlango nikashindwa kutoka. Baraza lilikuwa limejaa! Masufuria, mabeseni, miko, majamvi yaliyokunjwa, birika ambazo nilishazisahau. Vingine havikuwa hata vyetu. Mtu mmoja aliniletea kinu. Mwingine alileta mwamvuli, na sisi hatujawahi kuazimisha miamvuli. Nilikaa kizingitini nikalia, na sasa nasema wazi mbele yenu, nililia kwa furaha. Kikundi kilikuwa kimefufuka. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu, mfuniko wa Meli.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema waliotutangulia, na ya kaka Uweso iliishia Horohoro. Maana siku hizo hizo alivuka mpaka wa nchi pale binti wa kaka yake Bwana Khozema, Farhana, anayesoma Mombasa, kuja kumtembelea ami yake. Farhana, mwanangu, simama wakuone. Huyu si mtu mbaya. Alikaa dukani akawasikia watu wanaijadili ile filamu, akasema kwa adabu zake: "Lakini ile filamu haina sufuria."

Mama Imakulata akamwambia, "Mwanangu, wewe ulisinzia."

Farhana akatoa simu. Akatuonyesha maoni ya watazamaji wa dunia nzima. Wameandika kurasa na kurasa! Huyu anasema filamu inahusu dhambi, yule anasema inahusu imani iliyopotoka, mwingine ameandika habari za giza la moyo wa mwanadamu mpaka amechoka. Farhana akatusomea, akitafsiri, na hakuna hata mmoja aliyetaja sufuria. Unajua Mama Imakulata alisema nini? Alisema, "Basi hao wote hawakuangalia vizuri."

Lakini moyo wa shaka ulishaingia. Bwana Khozema ikabidi aiweke tena, na safari hii Farhana ndiye akakaa kwenye kigoda, atuambie kila neno kama lilivyo. Kaka Uweso alikaa nyuma kule, karibu na mlango, kichwa chini.

Nami niseme ukweli wangu juu ya filamu ile halisi. Sijapata kuona kitu cha ovyo namna ile! Mtu anaingia nyumba za watu, anawaua, anasema Mungu ndiye aliyemtuma. Katikati ya filamu Lucas akashindwa kuvumilia, akauliza, "Farhana, hao watu hawakuazima kitu?"

"Hawakuazima."

"Hata upawa?"

"Hata upawa, mjomba."

"Basi huyu ni mwendawazimu," akasema Lucas. "Mungu gani anamtuma mtu kazi hiyo? Twendeni nyumbani." Na benchi lake zima likaondoka. Sheikh na Mchungaji walikuwa wameshatangulia nje, wanauliziana hali ya shamba.

Mkitaka maoni ya watazamaji wa Maramba, Mheshimiwa Diwani, hayo ndiyo maoni, na ningependa mtu ayaandike kule kwenye simu chini ya yale ya dunia. Filamu ya kweli ilitutisha na haikutufunza kitu. Ya uongo ilitujazia baraza vyombo.

Lakini kaka Uweso hakuyasikia hayo. Yeye alisikia neno moja tu, kwamba amesema uongo. Alikwenda dukani, akakiweka kipaza hiki juu ya mizani ya Bwana Khozema, akasema, "Nimewadanganya watu wanaoniamini. Sina uso." Tangu siku hiyo hajakaa kwenye kigoda. Jumamosi zetu zimekuwa za kutazama midomo ya watu inavyochezacheza bila kujua wanasema nini. Juzi tulitazama harusi nzima tukidhani ni msiba.

Na nani alimkasirikia? Naomba anyooshe mkono. Sheikh, wewe? Sheikh anatikisa kichwa. Aliniambia mwenyewe, amana imo kwenye Kitabu, iwe kwenye filamu au isiwe. Mchungaji? Hana neno. Lucas ndiye pekee aliyekuja kwangu na malalamiko, anataka apewe beseni. Nikamwambia, "Lucas, lile beseni ni letu." Akasema, "Najua, mama. Lakini nililirudisha kwa sababu ya uongo." Nilimfukuza kwa mwiko, na mwiko wenyewe ni miongoni mwa iliyorudi.

Kwa hiyo, kaka Uweso, katika mji huu wote aliyekukasirikia ni wewe peke yako. Na binti yako kule Raskazone amekutengea chumba, chenye upepo wa bahari, na utakaa barazani siku nzima kuhesabu bajaji. Utawaambia nini madereva wa bajaji? Nani atakuuliza mke wa nani ni nani?

Sasa nafika kwenye pilau.

Jana, kama desturi yetu, akina mama wa kikundi tulikwenda kwa kaka Uweso kumsaidia kufunga mizigo. Mtu hahami peke yake tukiwa hai. Yeye tulimtuma dukani akanunue kamba. Tukafunga godoro, tukafunga vikombe, tukatoka uani kulimwaga pipa la maji ili nalo lifungwe. Mama Imakulata akakifunua kile kilichokuwa kimelifunika pipa. Akakigeuza. Akatuita tuone.

Wote mnajua alama ya vyombo vyetu. Kila chombo tunakitia doa la rangi nyekundu ya kucha, kwa chini.

Akina mama, leteni.

Msicheke! Acheni watu wa nyuma nao waone. Doa lile pale, jekundu. Huu, ndugu wageni waalikwa, ni mfuniko wa Meli. Ulikwenda nyumbani kwa kaka Uweso siku ya harusi ya binti yake, yule yule wa Raskazone, na haukurudi. Wakati sisi tunafunika pilau kwa bati, mfuniko ulikuwa unafunika maji ya mtu aliyesimama kwenye kigoda hiki, akatunyooshea kidole, akasema aliye nao hatalala. Na yeye alikuwa analala! Nyani haoni kundule. Leo tumeurudisha juu ya Meli, na ndiyo maana mmeisikia ile harufu mpaka sokoni.

Kaka Uweso, nakuona unavyojifunika uso kwa kofia. Toa kofia. Najua hukujua. Mama Imakulata anasema ulijua, lakini yeye ana maoni juu ya kila kitu.

Sasa Mheshimiwa Diwani, Sheikh, Mchungaji, mtu ameazima mfuniko na hakurudisha. Sheria ya jambo hili tunaijua sote, tumeiona kwenye filamu. Hatuna joho jeusi, na mshumaa tulionao ni wa kuwasha umeme ukikatika. Kwa hiyo kikundi kilikaa jana jioni, kikatoa hukumu yake, nami nimetumwa niisome, ijapokuwa haikuandikwa popote.

Mizigo yako, kaka, imeshafunguliwa. Tuliifungua asubuhi ulipokwenda kunyoa. Godoro liko mahali pake. Pipa limejazwa maji, na tumelifunika kwa lile bati letu, ujue adha tuliyokuwa tunaipata. Binti yako nimempigia simu mwenyewe. Alicheka mpaka akakata, kisha akapiga akasema atakuja Jumamosi kutazama filamu. Na Bwana Khozema ameipata sehemu ya pili ya muuaji wa joho jeusi. Ipo pale, imeshawekwa tayari. Farhana ameitazama, anasema tena haina sufuria hata moja. Lakini sisi tunataka kujua yule bwana aliposhuka kwenye treni aliupata mfuniko au hakuupata, na katika dunia nzima mtu anayeweza kutuambia ni mmoja.

Kipaza hiki kimekuwa chini ya ulinzi wa kikundi tangu jana. Sikupi, kaka. Nakuazima. Utakirudisha barazani kwangu kila Jumamosi magharibi, na kila Jumamosi mchana utakuja kukiazima tena. Chombo cha kikundi hakivuki Muheza, sembuse kufika Raskazone. Na usiniambie utafikiri kwanza, kwamba utanijibu Jumatatu.

Haya, wote kwa pamoja, na benchi la nyuma nalo. Jumatatu ya mwaka gani?

Mheshimiwa Diwani, viongozi wetu wa dini, ndugu zangu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu huku matumbo yenu yako kwenye Meli. Kaka Uweso, shika. Bwana Khozema, zima taa.